Tupimane kwa Kipimo Gani?



Jioni moja, baada ya mafundisho ya kipaimara, kijana mmoja wa hapa Bunia alibaki nyuma akinisaidia kupanga mabenchi. Nilimjua kuwa kijana mchangamfu, lakini siku ile alikuwa kimya. Tulipomaliza kazi akaniuliza: "Mwalimu, je, ni kweli kwamba sisi watu wa huku tuliumbwa na mikono mizito?"

Kwanza nilicheka. Kisha nikamtazama usoni, nikaona kwamba haulizi kwa mchezo. Nikamkalisha, naye akanieleza habari yake.

Karibu na soko kuna chumba ambamo vijana hucheza mchezo wa video wa mashindano ya magari. Mashine yenyewe ni ya zamani. Mtu mmoja aliileta kutoka Ubelgiji ndani ya sanduku lake. Siku umeme usipokuja, jenereta hunguruma nje, na mchezo huendelea. Kila mchezaji hulipa faranga chache, huizunguka njia mara tatu, na muda wake huandikwa kwa chaki ukutani. Kwa miezi mingi jina la kijana wetu lilikuwa juu ya majina yote: sekunde 90. Walio chini yake walimheshimu, na wadogo walikuja kusimama nyuma ya kiti chake watazame vidole vyake.

Ndipo siku moja mwenzao mmoja akaja na simu, akawaonyesha muda wa wachezaji wa nchi za mbali: Mjapani, Mholanzi, Mmarekani. Mchezo uleule, njia ileile, gari lilelile. Mmoja wao alikuwa amemaliza kwa sekunde 68. (Nimeacha vipande vya sekunde, ili hesabu itakayofuata isimchoshe msomaji.) Chumba kizima kilinyamaza, kisha kikacheka. Kijana wetu akainuka, akalifuta jina lake ukutani kwa kiganja cha mkono, akatoka.

Kama angaliacha mchezo tu, nisingaliandika makala haya. Lakini mwaka ule alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa serikali, naye akaniambia: "Ikiwa katika mchezo tu tumeachwa mbali hivi, basi huo mtihani utanifikisha wapi? Hata nikiwa wa kwanza wa huku, nitakuwa wa mwisho wa dunia."

Nami nilimjibu nini? Nilimwambia: "Usijali, mwanangu. Hao wenzako wana mashine nzuri kuliko yako." Akaitikia kwa adabu, akaenda zake. Usiku ule dhamiri yangu ilinisumbua, maana sikujua kama neno nililosema ni la kweli. Nilitaka tu anyamaze, nami nikalale.

Basi nimeandika ili nimjibu vema zaidi, yeye na wengine walio kama yeye. Swali lake lahusu magari ya televisheni, lakini lina swali jingine ndani yake: yafaa mtu ajipime kwa mtu asiyemjua, na akijipima, atumie kipimo gani?

NI MCHEZO TU?

Labda baba mmoja atasema: "Mwalimu, waacha mambo mazito ya Ituri, vita, njaa na wakimbizi, washughulika na mchezo wa watoto?" Neno lake lina haki. Lakini na afikiri kidogo. Mtoto hajifunzi haki mahakamani. Hujifunza haki uwanjani, pale anapokubali kwamba mpira umetoka nje hata kama hakuna aliyeuona isipokuwa yeye. Hali kadhalika desturi ya kujilinganisha huanza katika mambo madogo, kisha huhamia katika makubwa. Leo analinganisha sekunde. Kesho atalinganisha alama za shule, kesho kutwa mshahara, nyumba, mke, na watoto. Akijifunza vibaya katika sekunde, atakosea katika hayo yote.

Tena hasara ilikwisha kuonekana. Nambari moja ya mgeni ilikuwa karibu kumwondoa kijana katika vitabu vyake. Kitu chenye nguvu ya kufanya hivyo si kitu cha kudharauliwa.

JIRANI WA MBALI

Aristotle, mwenye hekima wa Ugiriki aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alichunguza sana habari ya husuda. Katika kitabu chake juu ya ufundi wa kusema mbele ya watu, alifundisha kwamba mtu hamhusudu kila mtu. Humhusudu aliye karibu naye kwa umri, kwa mahali, kwa kazi, kwa sifa. Hatushindani, asema, na watu waliokufa zamani, wala na wale ambao hawajazaliwa, wala na wale wakaao kwenye Nguzo za Herakles, yaani kwenye mlango wa bahari wa Gibraltar, ambao kwa Wagiriki wa siku zile ulikuwa mwisho wa dunia.

Tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Mashine imezing'oa nguzo hizo, ikazisimamisha ndani ya chumba kidogo karibu na soko la Bunia. Mholanzi ambaye kijana wetu hatamwona kamwe amekuwa jirani yake, tena jirani wa namna ya ajabu. Jirani wa kweli wamwona akiamka, akilima, akiugua. Wajua shamba lake ni jeusi au ni la mawe. Huyu wa mbali wamjua kwa nambari moja tu. Hujui alianza lini, ana miaka mingapi, hucheza saa ngapi kwa siku, alishindwa mara ngapi kabla ya kufaulu mara ile moja aliyoiandika.

Katika baadhi ya michezo hii kuna kitu ambacho vijana hukiita kivuli. Tangu mchezo wa Super Mario Kart, uliotolewa Japani mwaka 1992, mchezaji ameweza kushindana na kivuli cha mbio yake mwenyewe iliyopita: gari hafifu kama moshi likimbialo kando yake bila kumgusa. Siku hizi, kwa njia ya intaneti, aweza kuleta kivuli cha mgeni kutoka upande wa pili wa dunia. Naona jina hilo lafaa sana. Kivuli huonyesha mwendo wa mtu, lakini hakionyeshi uso wake, wala jasho lake, wala njia aliyopita kabla ya kufika hapo. Wazee wetu walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Walijua kwamba nyota ya mwenzio waiona iking'aa, lakini chombo chake na upepo wake huvioni.

SEKUNDE YA HUKU NA SEKUNDE YA KULE

Baada ya usiku ule nilikwenda kwa fundi mmoja wa televisheni, mtu mzima mwenye subira, nikamweleza shauri langu. Akafuatana nami mpaka kwenye chumba kile, akaigeuza mashine, akasoma maandishi ya chini yake, akatabasamu. "Mwalimu," alisema, "hii ni ya mtindo wa Ulaya. Hao wengine wanachezea mtindo gani?" Tukauliza. Yule wa sekunde 68 alikuwa amechezea mashine ya Marekani.

Hapo fundi akanifundisha jambo ambalo sikulijua. Televisheni za zamani za Ulaya zilichora picha mara 50 kwa sekunde. Za Marekani na Japani zilichora mara 60 hivi. Ulaya na Marekani zilifuata mapigo ya umeme wa nchi zao, na Japani ikachukua mtindo wa televisheni wa Marekani. Michezo mingi ya siku zile ilihesabu mwendo kwa picha: kila picha moja, gari husogea hatua moja. Mchezo uliotengenezwa kwa picha 60, ukiwekwa katika mashine ya picha 50 bila kurekebishwa, wenda polepole. Michezo mingine ilirekebishwa kabla ya kuuzwa Ulaya, mingine haikurekebishwa. Ndiyo maana watu wanaotunza orodha za rekodi za michezo hiyo ya zamani, kama Mario Kart 64 iliyotolewa Japani mwaka 1996, huangalia sana kama muda umepatikana kwa mashine ya Ulaya au ya Marekani, wala hawachanganyi hesabu hizo ovyo.

Mchezo wa chumba chetu ulikuwa wa namna ile isiyorekebishwa. Basi nilimwita kijana, tukasimama mbele ya ubao, nikampa chaki mkononi.

"Umekwenda sekunde ngapi?"

"Tisini, Mwalimu."

"Kila sekunde mashine yako huchora picha ngapi?"

"Hamsini."

"Basi mbio yako yote ni picha ngapi?"

Akazidisha: 4,500.

"Sasa, ungalifanya mwendo uleule, vidole vilevile, makosa yaleyale, juu ya mashine inayochora picha 60, ungalitumia sekunde ngapi?"

Akagawanya. Akafuta. Akagawanya tena. Kisha akaandika 75, akasimama akiitazama ile nambari bila kusema neno.

Sekunde kumi na tano hazikuwa zake kamwe. Zilikuwa za mashine. Alizibeba mgongoni kama mzigo wa mtu mwingine, akawa karibu kuacha shule kwa sababu ya uzito wake.

Na tusidhani kwamba ni michezo ya watoto tu inayodai uangalifu huo. Wakubwa wa riadha hufanya vivyo hivyo. Tarehe 18 Aprili 2011, Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia marathoni ya Boston kwa 2:03:02. Hakuna mtu aliyekuwa amekimbia umbali huo upesi hivyo. Rekodi ya dunia wakati ule ilikuwa 2:03:59, ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Hata hivyo muda wa Mutai haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Kwa nini? Je, alidanganya? Hata kidogo. Ni kwa sababu njia ya Boston haifuati masharti: huanza mahali pamoja na kuishia mbali sana na hapo, hata upepo waweza kumsukuma mkimbiaji mgongoni safari nzima, nao siku ile ulisukuma; tena yashuka zaidi ya kiasi kilichoruhusiwa. Wenye kuhukumu hawakusema kwamba Mutai si kitu. Walisema: muda huu ni wa kweli, lakini usiwekwe katika foleni moja na muda uliopatikana kwa njia nyingine. Naye mwezi wa Novemba mwaka uleule alishinda marathoni ya New York kwa 2:05:06, ikawa rekodi ya njia ile. Watu wakajua kwamba upepo wa Boston haukumtengeneza, ulimsaidia tu.

Basi hilo ndilo neno la kwanza. Nambari husema kweli pamoja na hali yake. Ukiitenga nambari na hali yake, ukaitumia kuhukumu mtu, umesema uongo hata kama nambari yenyewe ni sahihi. Ukimhukumu mwenzako hivyo, umemdhulumu. Ukijihukumu mwenyewe hivyo, umejidhulumu, na dhuluma hiyo nayo ni dhuluma.

SABA ZILIZO ZAKE

Ningaliweza kuishia hapo. Kijana alikuwa amefurahi, nami neno langu la usiku ule lilionekana kuwa kweli. Lakini chaki ilikuwa bado mkononi mwake, na hesabu ilikuwa haijakwisha.

"Sasa una 75," nilimwambia. "Yule mgeni ana ngapi?"

"68."

"Tofauti?"

Akaandika 7. Akangoja. Nadhani alingoja nimtafutie sababu ya hizo saba nazo. Kumbe sababu zilikuwapo. Ningaliweza kusema: yule mgeni ana umeme usiku na mchana, wewe wapata dakika ishirini za kulipia. Yeye ameketi sebuleni kwao, wewe wasukumwa na wenzako mabegani. Hayo yote ni kweli, na haki yadai tuyahesabu. Lakini tulipotazama pamoja katika simu mbio ya yule mgeni, maana wengi wa wachezaji hao huonyesha mbio yao nzima ili kila mtu aione, kijana mwenyewe alisema kwa sauti ndogo: "Kwenye kona ya pili mimi hukanyaga breki. Yeye hakanyagi. Huanza kugeuka mapema." Na tena: "Hapo mimi hugonga ukingo kila mara."

Kona ile haikuhitaji mashine nyingine, wala umeme zaidi, wala pasipoti. Ilihitaji jicho na subira. Ilikuwa yake.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Tukiisha kugundua kwamba tulipimwa kwa kipimo kisicho haki, twapenda kutupa vipimo vyote. Twasema: "Hakuna wa kutulinganisha na wageni, wao wana kila kitu." Tena ni kweli kwamba mji wetu umepata mapigo ambayo miji mingine haikuyapata. Mtoto aliyesoma miaka yake ya kwanza akikimbia vita, kisha akaketi mtihani mmoja na mtoto aliyelala salama kila usiku, hakuanza naye kwenye mstari mmoja. Asiyeliona hilo hana haki ndani yake. Lakini mwalimu akija darasani akiwa amelewa, huo si upepo wa Boston. Mwanafunzi akiacha daftari lake nyumbani, hizo si picha 50 kwa sekunde. Hizo ni zile saba.

Kukata tamaa husema: zote ishirini na mbili ni zangu. Udhuru husema: hakuna hata moja iliyo yangu. Yote mawili ni uongo, na yote mawili huzaa tunda moja, yaani mtu hukaa kitako. Ukweli hugawanya: kumi na tano hizi, saba hizi. Kuzijua zile kumi na tano humpa mtu amani, na kuzijua zile saba humpa kazi.

Aristotle niliyemtaja aliona tofauti nyingine yenye faida. Kuna huzuni mbili, asema, ambazo mtu huzipata akiona mwenziwe ana jambo jema. Mmoja huhuzunika kwa sababu mwenziwe analo; hiyo ni husuda, nayo humfanya atamani mwenziwe aanguke. Mwingine huhuzunika kwa sababu yeye mwenyewe hana. Hiyo humfanya ainuke akatafute. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha pia kwamba husuda ni kuhuzunikia mema ya jirani kana kwamba yapunguza utukufu wetu. Angalieni neno hilo: kana kwamba. Sekunde 68 za yule mgeni hazikumnyang'anya kijana wetu hata sekunde moja. Vidole vyake vilikuwa vilevile kabla ya simu kuingia chumbani na baada yake. Kilichoongezeka ni kwamba sasa alijua kona ya pili yaweza kupitwa bila breki. Hiyo ni zawadi, na aliyeileta ni mgeni asiyejua hata Bunia iko wapi.

NAMBARI YA UONGO

Kuna jambo jingine lililotokea katika chumba kile, nami sina budi kulisema. Juma lile ambalo kijana wetu alifuta jina lake, mwingine aliandika lake juu, na pembeni yake: sekunde 70. Hakuna aliyemwona akiipata. Alisema aliipata asubuhi, peke yake. Wadogo waliamini.

Nitawaeleza habari ya Marekani iliyo mfano wa hiyo. Mwaka 1980 kampuni ya Activision ilitoa mchezo uitwao Dragster, mashindano ya magari mafupi kabisa, ya sekunde chache tu. Mtu mmoja, Todd Rogers, alitajwa kuwa aliumaliza kwa sekunde 5.51 mwaka 1982. Muda huo uliandikwa katika orodha ya rekodi, ukakaa humo zaidi ya miaka thelathini. Kisha mtaalamu mmoja, Eric Koziel, akaifungua programu ya mchezo wenyewe, akachunguza hatua zake moja moja, akaona kwamba muda mdogo kuliko yote unaowezekana katika mchezo ule ni sekunde 5.57. Januari 2018 waliotunza orodha waliifuta ile rekodi pamoja na rekodi nyingine za mtu huyo. Sisi hatuhukumu moyo wake, kwa kuwa Mungu peke yake ndiye auonaye. Lakini mashine ilitoa ushahidi wake: mlango ambao watu waliambiwa kwamba mmoja ameupita, haukuwapo.

Sasa fikirini juu ya wale wengine. Kwa miaka hiyo yote mchezaji yeyote ambaye angaliipata 5.57, yaani kilele chenyewe, angaliinamisha kichwa akidhani yuko nyuma. Angalikuwa amefika juu ya mlima bila kujua, kwa sababu ya nambari moja ukutani. Twadhani kwamba kudanganya katika mchezo hakumdhuru mtu. Hapana! Anayeandika nambari ya uongo huwaibia wote watakaojipima kwayo baadaye. Amri ya nane hukataza ushahidi wa uongo juu ya jirani. Basi na anayejishuhudia mwenyewe uongo humpotosha jirani vilevile, kwa maana kipimo ni mali ya wote, kama mizani ya sokoni. Mama anayechezea mizani yake hamwibii mteja mmoja. Huwaibia wote watakaokuja.

Nilimwendea yule kijana wa sekunde 70, kwa siri, nisimwaibishe. Sikumwita mwongo. Nilimwambia tu: "Kesho uicheze tena, nami nitakaa kando yako nitazame, kwa kuwa napenda kujifunza." Kesho yake nilipofika, ile nambari ilikuwa imekwisha kufutwa. Hatukusema zaidi.

MASWALI MATATU

Nawaombeni, wazazi na vijana, mshike maswali matatu kabla ya kujilinganisha na mtu yeyote, awe jirani wa mtaa wa pili au mgeni wa Japani.

La kwanza: Je, nambari hii ni ya kweli, na ni nani aliyeona? Usijipige kwa fimbo ambayo hujui kama ipo.

La pili: Ilipatikana katika hali gani, na hali yangu ni ipi? Hapo uondoe kwa haki kile kisicho chako, wala usiongeze hata sekunde moja ya kujipendeza.

La tatu: Kilichobaki, nitakifanyia nini kesho asubuhi? Kama swali hili halipati jibu, basi kulinganisha kote kulikuwa upuzi, na afadhali ungalilala.

Wazazi nawaonya kwa namna ya pekee. Mara nyingi twawaambia watoto wetu: "Mtazame mtoto wa fulani!" Twadhani twawahimiza. Kumbe twawapa nambari bila hali yake, wala hatuwaonyeshi kona ya pili. Mtoto husikia jambo moja tu, kwamba angalikuwa mtu mwingine tungalimpenda zaidi. Ukitaka kumlinganisha, keti naye, mshike chaki mkononi, mgawanye pamoja kumi na tano na saba.

Mnakumbuka mfano wa talanta katika Injili ya Matayo. Bwana aliwapa watumishi wake mmoja tano, mmoja mbili, mmoja moja, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Aliporudi, yule wa tano alikuwa na kumi, na yule wa mbili alikuwa na nne. Kama ingalikuwa orodha ya ukutani, yule wa nne angalikuwa chini sana. Lakini soma vizuri: sifa walizopewa wote wawili ni zilezile, neno kwa neno. Bwana alijua alichompa kila mmoja. Wa tatu hakulaumiwa kwa sababu alipewa moja. Alilaumiwa kwa sababu aliizika.

Mtauliza habari ya yule kijana. Alirudi chumbani, akaliandika jina lake upya ukutani, na kando ya 90 akaandika kwa herufi ndogo: mashine ya picha 50. Wenzake walimcheka, kisha wakamwomba awaeleze, naye akawafundisha ile hesabu ya kuzidisha na kugawanya. Nilipopita mara ya mwisho alikuwa amefika 87. Kona ya pili ameiweza. Ukingo bado humgonga.

Na ule mtihani wa serikali aliufanya. Siku aliyokwenda kuufanya alipita kwangu asubuhi na mapema kuomba baraka, nami nikamwomba radhi kwa lile jibu la jioni ya kwanza. Alishangaa. "Lakini Mwalimu, ulisema kweli. Mashine yao ilikuwa nzuri zaidi."

"Ndiyo," nilimwambia, "lakini sikujua. Tena nilikuficha zile saba."